Barua ya wazi kwa viongozi wa Mtwara na Lindi: mbwa na paka wetu waliozeeka nao wapate tabibu

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Wakurugenzi wa Halmashauri, Waheshimiwa Madiwani, na Maafisa Mifugo wa mikoa, wilaya na kata,

Shikamooni mlionizidi umri, na salamu kwenu nyote.

Mimi ni mama mkulima wa korosho na mihogo. Naishi Mikindani, na shamba langu liko upande wa Naliendele. Nawaandikia habari za mbwa anayeitwa Watasema, mwenye miaka 11, na za wenzake waliozeeka katika nyumba na mashamba ya mikoa yetu miwili bila kuwa na pa kutibiwa.

Jina hilo alimpa marehemu mume wangu. Tulikuwa tumenunua shamba mbali na watu, ndugu wakawa wanasema tumekwenda kuishi na nguruwe pori. Siku moja mume wangu akarudi na kitoto cha mbwa ndani ya kapu, akasema, huyu ndiye Watasema, na waseme. Miaka yote tangu hapo amelala chini ya mikorosho. Ngedere wanamjua, na nguruwe walioizoea mihogo yetu wanamjua zaidi. Kila msimu wa kuokota ulipofika, magunia yetu yalilala nje na asubuhi tukayakuta. Mwaka aliofariki mume wangu nilibaki shambani peke yangu na mbwa huyu, na usiku nilipata usingizi.

Mwaka jana, masika yalipoanza, Watasema alishindwa kunyanyuka. Miguu ya nyuma ilikataa. Akawa anajivuta, akitaka kunifuata kwenye mihogo kama kawaida yake, na macho yananitazama. Mtu wa kwanza niliyemuuliza aliniambia, "Mama, huyo kazeeka, mwache." Wa pili akasema nitafute kijana mwenye rungu. Wa tatu, muuzaji wa duka la dawa za binadamu, akanipa vidonge vya diklofenaki, akaniambia hata sisi wenye magoti tunameza hivyo hivyo. Nilimpa siku nne. Siku ya tano mbwa akatapika damu, na choo chake kikawa cheusi kama lami.

Simlaumu muuzaji yule. Alinipa alichokuwa nacho, kwa nia ya kusaidia. Nililohitaji kulijua nilikuja kuelezwa kwa simu na daktari wa mifugo aliyeko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa: kwamba diklofenaki na ibuprofeni humchubua mbwa tumbo mpaka likatoka vidonda, na humuumiza figo, hata kwa kipimo ambacho mtu mzima hakimdhuru. Mbwa ana dawa zake za maumivu, kama meloksikamu na kaprofeni. Hupimwa kwa kilo za mwili wake, na kwa mbwa mzee daktari hutaka kwanza kujua figo na ini vikoje. Watasema aliokolewa na afisa mifugo mmoja aliyekuja baada ya saa za kazi, kwa pikipiki yake na mafuta yake, akamtundikia dripu kwenye tawi la mkorosho hadi giza likaingia. Sasa anatumia meloksikamu ambayo naletewa kwa basi kutoka Dar. Anatembea. Asubuhi anafika mpaka mkorosho wa tatu na kurudi.

(Diklofenaki hiyo hiyo ndiyo iliyowamaliza tumbusi wa India. Walikula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, wakafa kwa figo. Mizoga ikabaki chakula cha mbwa wa mitaani, mbwa wakaongezeka. Serikali ya India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Kwetu bado mtu anaiuza kwa ajili ya mbwa bila kujua.)

Paka wetu hakupata bahati ya Watasema.

Aliitwa Kidawa, na alikuwa na miaka 13. Alianza kuchechemea, nami kwa kumhurumia nikamsagia nusu kidonge cha paracetamol kwenye dagaa. Jioni uso ulikuwa umevimba, na nyayo zimevimba. Nilipomfunua mdomo, fizi zilizokuwa za rangi ya waridi zilikuwa za kahawia kama udongo wa mfinyanzi. Alihema kwa taabu usiku kucha. Kabla ya adhana ya alfajiri akawa amekufa mapajani mwangu.

Ini la paka haliwezi kuisafisha paracetamol kama ini letu. Dawa hugeuka sumu, damu ikashindwa kubeba hewa, na mnyama akafa kwa kukosa pumzi huku anapumua. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo, inaitwa asetilisisteini, ile ile wanayopewa watu waliozidisha paracetamol, lakini lazima ianze mapema. Hayo yote niliyajua baada ya kumzika. Nilipoanza kusimulia kisa changu sokoni Magengeni na kwa mashoga zangu wa Chikongola, niliona jinsi wanavyotazamana. Si mmoja wala wawili walioniambia, "Kumbe! Wangu nilimpa panadol, akalala moja kwa moja."

Waheshimiwa, bango moja la karatasi kwenye kila duka la dawa muhimu, lenye maneno mawili matatu kwamba paka hapewi paracetamol na mbwa hapewi diklofenaki wala ibuprofeni, lingegharimu nini? Naliomba hilo kabla ya lolote, kwa sababu linaweza kufanyika wiki hii.

Sasa, najua mtakachoniambia, maana nimekwisha kuambiwa ana kwa ana: hospitali zenyewe zina uhaba, wewe unaleta habari za mbwa. Basi naomba niseme habari ya mbwa kwa upande unaowahusu ninyi.

Kuanzia mwaka 2010 mikoa yetu ilikuwa ndani ya mradi mkubwa wa kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, uliofanyika katika wilaya 28 za kusini-mashariki mwa nchi, Serikali ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani. Lengo la chanjo hizi linajulikana: kila zoezi liwafikie angalau asilimia 70 ya mbwa, ili ugonjwa ukose njia ya kupita. Na dunia imejiwekea mwaka 2030 uwe mwisho wa watu kufa kwa kichaa cha mbwa. Wataalamu wenu wanajua pia kwamba asilimia 70 hiyo haikai mahali pamoja. Humomonyoka kila mwezi, kwa kuwa waliochanjwa wanakufa na wasiochanjwa wanazaliwa.

Hapo ndipo mbwa mzee anapoingia. Watasema ana mihuri tisa kwenye kadi yake ya chanjo. Ningemtupa masika ile aliposhindwa kunyanyuka, ningelazimika kutafuta mwingine wa kulinda shamba, kwa sababu nguruwe hawangojei. Angekuja kitoto cha miezi miwili, hakijapigwa sindano hata moja, kinaingia jalalani na kucheza na watoto. Shamba ni lile lile na mbwa ni mmoja kama zamani, lakini kinga imeondoka. Kaya ngapi za Tandahimba, Newala, Ruangwa na Nachingwea hufanya mabadilishano ya namna hiyo kila mwaka kwa kukosa mtu wa kuwatibia mbwa miguu au meno? Na yule anayetelekezwa huishia wapi? Kwenye magenge ya samaki na majalala, ambako ninyi wenyewe mnamwita mbwa mzururaji na kumtafutia risasi au sumu. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba kuua mbwa hakukomeshi kichaa, na kwamba kinachokomesha ni chanjo. Huyo mnayempiga risasi huenda ndiye mwenye mihuri tisa.

Halafu kuna jambo la foleni. Kila inapokaribia Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, na kila zoezi la chanjo linapotangazwa kwa kipaza sauti, tunaambiwa tulete wanyama ofisi ya kata. Wanaowaleta ni watoto, na mtoto humvuta mbwa anayevutika. Mbwa mwenye miguu mibovu hafiki, na kipofu hafiki. Paka mzee hawezi kubebwa ndani ya kiroba mwendo wa saa nzima juani akarudi salama. Kwa hiyo wakongwe ndio wanaokosa, na kadi zao zinakatikia hapo. Naomba mchanjaji akimaliza foleni apite kwenye nyumba zilizobaki pamoja na balozi wa mtaa. Balozi anajua nani ana mbwa asiyetembea.

Nirudi kwenye neno "kazeeka", kwa sababu neno hilo limeua wanyama wengi kuliko ugonjwa wowote ninaoujua.

Chukueni jicho jeupe. Mbwa akipita miaka saba au minane, mboni huanza kuwa na ukungu wa kibuluu, na bado anaona vizuri tu. Huo ni umri. Mtoto wa jicho ni jambo jingine, huyo humpofusha. Huku kwetu kuna na la tatu: mbwa aliyefuatana na bwana wake katika mapori ya Liwale akaumwa na mbung'o anaweza kupata nagana, ndugu wa malale, akapata homa, akakonda, na macho yakawa kama yamemwagiwa maziwa. Huyu wa tatu ana dawa akiwahiwa. Mimi na wewe tukiwatazama wote watatu tutasema wamezeeka. Anayeweza kuwatofautisha ni mtu mwenye tone la damu, kipande cha kioo na hadubini, na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, una kituo chake hapa hapa Mtwara. Umbali kati ya mbwa wa Mikindani na hadubini ile ni nauli ya bodaboda. Kinachokosekana ni mtu wa kati wa kuchukua damu na kuandika fomu.

Au chukueni paka mkongwe anayemaliza bakuli la maji, akakojoa kila mahali na kupungua mwili. Mara nyingi ni figo, na kwa figo dalili huja kuonekana pale theluthi mbili za kazi yake zimekwisha kupotea, ndiyo maana kungoja ni hatari. Lakini inaweza kuwa kisukari. Inaweza pia kuwa tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ambapo paka anakula kuliko zamani na bado mifupa inatokeza. Magonjwa hayo matatu yana njia tatu tofauti za kuyatuliza, na mkojo na damu kidogo vinaanza kuonyesha njia. Mbwa jike mzee ambaye hakufungwa kizazi, wiki chache baada ya joto lake la kutaka dume anaweza kujaa usaha kwenye mfuko wa uzazi, akanywa maji mengi na kukataa chakula. Bila upasuaji wengi wao hufa. Wapo pia wanaotoa damu sehemu za siri kwa ile kansa inayoambukizwa kwa kupandana. Watu wakiiona wanamfukuza kwa mawe, na kumbe hutibika kwa sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki kwa wiki kadhaa. Meno ndiyo hayaguswi kabisa. Mnyama anaacha kula kwa sababu ya jino lililooza, tunasema siku zake zimefika.

Sisi watu wa kusini hatukuwa watu wa ng'ombe, mbung'o hakuturuhusu. Ng'ombe wengi wamefika Lindi tangu mwaka 2006 na 2007, wafugaji walipoondolewa Ihefu na Usangu, na tangu hapo ofisi za mifugo zimejaa kazi za majosho na chanjo za ng'ombe. Ni haki yao. Ila mbwa na paka walikuwa hapa kabla, kwenye kila shamba na kila ghala la mpunga na karanga, na hawana hata siku moja ya kuitwa yao.

Naomba siku hiyo moja. Siku moja ya wiki katika Manispaa ya Mtwara, moja katika Manispaa ya Lindi, na moja Masasi kwa ajili ya wa bara, ambapo mtu anajua akimleta mbwa au paka atamkuta daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, mwenye mzani, kipima joto, vijiti vya kupimia mkojo, vioo vya damu, dawa za maumivu za wanyama, na dawa za ganzi kwa ajili ya meno na kufunga kizazi. Tutalipa. Hakuna aliyesema iwe bure. Mimi nalipa nauli ya kidonge kutoka Dar kila mwezi, sembuse ada ya halmashauri. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kinatoa madaktari wa mifugo kila mwaka, na vijana wanaotafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo wapo. Waandikieni barua, waleteni kusini, na wanyama wazee watawafundisha mambo ambayo ng'ombe mchanga hana.

Na liko ombi moja zito, ambalo nimelifikiria sana kabla ya kuliandika.

Mzee mmoja wa hapa kwetu, mvuvi, alikuwa na mbwa aliyeota uvimbe kinywani. Ulikua mpaka taya likashindwa kufunga. Mbwa hakula tena, na usiku alilia kwa sauti ambayo mtaa mzima tuliisikia. Mzee alizunguka siku mbili akitafuta mtu wa kumpumzisha kwa sindano. Hakumpata. Siku ya tatu alfajiri alimfunga kamba akaenda naye upande wa mikoko, na alirudi na kamba peke yake. Alikaa barazani mpaka magharibi bila kumjibu mtu salamu. Nilimpelekea uji, haukuguswa.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia. Mzee yule alilitambua hilo bila kuisoma, na ndiyo sababu alizunguka siku mbili. Dawa ya usingizi wa mwisho, pentobabitoni, ni dawa ya kudhibitiwa. Haiuzwi dukani, wala haipaswi kuuzwa, kwa hiyo mwananchi hawezi kujitafutia hata akiwa na fedha mkononi. Ni ninyi tu mnaoweza kumwezesha daktari mmoja kila mkoa kuitunza chini ya kufuli na kuitumia inapobidi, baada ya kumpima mnyama na kuthibitisha kwamba hakuna tena la kufanya.

Wapo watakaosema haya hayatufai watu wa pwani, kwamba mbwa ni najisi. Mimi ni Mwislamu. Chuoni tulisomeshwa namna ya kukitoharisha chombo alichokiramba mbwa, mara saba, mojawapo kwa udongo, na mpaka leo bakuli la Watasema liko peke yake, nyuma ya nyumba. Mwalimu yule yule, kwenye jamvi lile lile, alitusomesha habari ya mtu aliyemwona mbwa analamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akapanda nacho kwa meno na kumnywesha, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Alitusomesha pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula. Sijaona mahali tulipoambiwa tuchague darsa moja tuache nyingine.

Kama kikwazo ni jengo, nina chumba cha mbele hapa Mikindani, karibu na barabara ya lami. Kilikuwa cha kuhifadhia magunia. Kina sakafu ya saruji, meza ndefu, dirisha linalopitisha upepo wa bahari, na bomba la maji liko uani. Nakitoa bila kodi kwa siku hiyo moja ya wiki mpaka mtakapopata pengine. Mwenyekiti wa mtaa ana habari, na ufunguo anao. Mzani nao upo, wa kupimia korosho, unaofika kilo 100. Tulimpandisha Watasema Jumapili iliyopita akatulia juu yake bila kushikwa, kilo 19 na nusu.

Wenu,
Mama mkulima, Mikindani